Jicho la Kushoto la Mama

Kwanza mumjue Bi Patasi. Huyu hakuwa mtu wa kubembelezwa. Jambo akilitaka, alilitaka. Asipolitaka, hata ungemletea malaika na matarumbeta yao, asingesogea kitini. Kwa hiyo asubuhi ile kaka yake alipoingia karakanani kwake na suti ya kijivu, akaanza kukohoakohoa na kupangusa kigoda ambacho tangu kitengenezwe hakijawahi kukosa vumbi, alijua papo hapo kwamba huyu mtu ana lake jambo.

"Sema," akamwambia bila kuacha kugonga. Alikuwa anatengeneza jiwe la kusagia la jirani mmoja msumbufu.

"Hata salamu, mdogo wangu?"

"Salamu baadaye. Suti hiyo hukuivaa kwa ajili yangu."

Kaka alikuwa mwenyekiti wa kamati ya hekalu, na cheo hicho alikivaa hata akiwa na nguo za kulalia. Hekalu lenyewe ni lile la Kihindu lililo juu ya soko, la mawe meusi, lenye ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watu wa vizazi na vizazi. Ukoo wao ndio uliolichonga, nguzo kwa nguzo, tembo kwa tembo, ua kwa ua. Lakini kaka aliikimbia patasi mapema, akaingia kwenye saruji, na saruji ikamkubali. Alijenga maghorofa, akanenepa, akaliziba paa la hekalu lililokuwa likivuja, na wale wakubwa waliokuwa wakimwita "yule mchonga mawe" wakaanza kumwita mheshimiwa. Aliyebaki na nyundo mkononi ni dada yake peke yake.

"Kamati imekubali," kaka akasema. "Jicho lifunguliwe. Na wa kulifungua ni wewe."

Nyundo ikabaki hewani.

Hapa inabidi nisimame kidogo, la sivyo mtadhani nawasimulia habari za daktari wa macho. Katika chumba cha ndani kabisa cha hekalu lile amekaa Mama, mungu wa kike aliyechongwa kwa jiwe moja, na hata akiwa amekaa ni mrefu kuliko mtu aliyesimama. Jicho lake la kulia liko wazi, lina mboni, na ukisimama ukumbini utaapa linakutazama wewe tu. La kushoto halipo. Kope zipo, nyusi ipo, lakini katikati ni jiwe tupu, laini kama ganda la yai.

Kila mtu mjini ana maelezo yake. Wauza nafaka wanasema Mama alifumba jicho moja ili asione mizani yao. Maharusi wanasema anawakonyeza. Walinzi wa getini wanasema analala nusu na kulinda nusu, na wao wanamwiga, ila wao ile nusu ya kulinda wameisahau. Makuhani, watu wa heshima zao, walikuwa wakiwaambia wageni kwamba mchongaji alikufa kwa homa kabla hajamaliza. Hilo la homa ndilo lililokuwa likimpandisha Bi Patasi mori. "Homa!" angesema. "Homa gani hiyo? Homa ya kufukuzwa!"

Maana kwao walijua. Shangazi yao, mwanamke mkavu mwenye ulimi kama wembe, alikuwa akitunza viatu vya waumini chini ya ngazi za hekalu, na kila aliyevua viatu alivua pamoja na muda wake, kwa sababu Shangazi hakumwachia mtu mpaka amsikilize. Hadithi yake ilianza na mfalme aliyeota ndoto. Mfalme akaamka akataka jiwe lile la mlimani lishushwe. Ng'ombe wakafungwa kamba, kamba zikakatika, jiwe likakaa palepale. Ndipo akaja bibi yao wa zamani, mke wa mchonga mawe, ambaye mumewe alikuwa ameanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi akavunjika kiuno, naye akaichukua patasi yake. Akakaa kando ya jiwe, akalisemesha: "Unaogopa nini? Twende. Mimi nitakuwa na wewe." Jiwe likateremka taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini. Hapo Shangazi huapa kwa macho yake yote mawili, na mimi sikuwepo, kwa hiyo simbishii.

Bibi akachonga. Alikula mle chumbani, akalala mle chumbani, akamnyonyesha mwanawe akiwa ameegemea goti la Mama. Na hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu ndivyo taratibu zao zilivyo: sanamu isiyo na macho ni jiwe, na juu ya jiwe mchongaji anaweza hata kukaa akatafuna chakula chake. Macho ndiyo hufunguliwa mwisho. Yakishafunguliwa, jiwe limekuwa Mama. Na mchongaji hafungui kwa kutazama moja kwa moja. Anasimama ubavu, anatazama kwenye kioo kilichoshikwa na ndugu yake, na anagonga kwa kufuata kile kioo, kwa sababu wanasema ule mtazamo wa kwanza hakuna binadamu anayeuhimili.

Basi bibi akafungua jicho la kulia. Wakubwa waliokuwa mlangoni wakaona jiwe limekuwa hai, wakapiga kelele: toka! Na si kwa mlango wa mbele, alioingilia miaka yote ile akibeba vumbi na mtoto mgongoni. Kwa kile kimlango cha nyuma, kando ya mfereji wa maji machafu. Na nyuma yake wakaanza kumwaga maji na kusugua sakafu mahali alipokanyaga, maana kwao mchonga mawe alikuwa mtu wa tabaka la chini, na nyayo zake zilidhaniwa kuinajisi nyumba ya Mama.

"Kuna jicho moja bado," bibi akasema.

"Lifungue, halafu utoke huko huko nyuma."

Bibi akaifuta patasi yake kwenye nguo. "Litangoja," akasema. "Siku mtakayonitoa kwa mlango nilioingilia, niiteni. Nikiwa nimekufa, mwiteni mwanangu."

Wakaleta wachongaji wengine. Wa kwanza patasi ilimteleza akajikata kidole. Wa pili aliposikia kisa, akakusanya vyombo vyake akaondoka bila kuaga. Baada ya hapo wakazoea, kama watu wanavyozoea kila kitu.

Sasa mnaelewa kwa nini nyundo ilibaki hewani.

"Nitaingia kwa mlango gani?" Bi Patasi akauliza.

"Wa mbele! Mbele ya mji mzima. Ngoma zitapigwa."

"Na kutoka?"

Kaka akarekebisha tai. "Na kutoka pia. Dada, dunia imebadilika. Sasa hivi watu wote tunaingia ukumbini. Mimi ni mwenyekiti! Mchonga mawe ni mwenyekiti! Unataka nini tena?"

"Nataka uniapie."

Akaapa. Akaapa kwa baba yao, na baba yao alikuwa amekufa mikono ikicheza hewani, akigonga jicho lisilokuwepo. Bi Patasi akamkumbatia kaka yake, suti ikajaa vumbi, na mzee mzima akatoka pale kama aliyeangukia gunia la unga.

Mazoezi hayakuwa kitu kigeni kwake. Tangu alipokuwa msichana alikuwa akichonga macho kwa kutazama kioo, ambako kulia ni kushoto na mkono wako unakugeuka kama mkwe asiyekupenda. Nyumba yake ilikuwa imejaa macho. Kinu kilikuwa na macho. Kizingiti kilikuwa na macho. Jiwe la kufulia nguo lilikuwa na jicho moja zuri sana lililowafanya majirani wafue nguo zao za ndani kwa aibu. Yote hayo aliyachonga kwa ajili ya jicho moja tu. Hakuwa na mtoto wa kumrithisha, wala hakuwa na kingine alichokitamani maishani mwake. Aliweza kukuambia hivyo bila haya: nataka kufungua lile jicho, halafu hata nife.

Shangazi peke yake ndiye hakushangilia. "Mlango wa nyuma wameuziba?" aliuliza.

"Shangazi nawe! Kaka ameapa."

"Sijauliza kaapa nani. Nimeuliza kama wameuziba."

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Watu walijaa ngazini, viatu vilimshinda Shangazi akaanza kuvirundika, na ngoma zililia kweli kama kaka alivyoahidi. Bi Patasi alipanda ngazi na nguo mpya ya rangi ya manjano, patasi ikiwa ndani ya kitambaa cheupe, kaka kando yake amebeba kioo kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja muuza maua alimrushia ua likanasa kwenye nywele zake, naye akaliacha. Alipita mlango wa mbele kifua mbele. Alipita ukumbi. Akafika kwenye ile kamba inayowazuia waumini wasiingie chumbani kwa Mama, ambayo maisha yake yote alikuwa akisimama nyuma yake kumtazama, na kuhani akaifungua.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokiota. Taa za mafuta zilikuwa zimeyafanya mawe yang'ae, na harufu ya mafuta na maua ya zamani ilikaa kooni. Akausogelea uso ule. Akaweka kidole kwenye lile jicho tupu, na machozi yakamtoka hovyo, yeye ambaye hakulia hata alipomzika mumewe. Mkono ulijua. Mapigo matatu, manne, mboni ingekaa. Alizihisi zile nyufa ndogo za jiwe chini ya kidole, upande gani ungekubali na upande gani ungekataa, akasema moyoni, bibi, nimekuja.

"Shika kioo," akamwambia kaka yake. "Juu kidogo. Usitetemeke, wewe si mtu wa saruji?"

Kaka akacheka, lakini kicheko kilikuwa kibichi. Na kioo kilipoinuliwa, ndani yake Bi Patasi akaona kilichokuwa nyuma ya mgongo wake, kwenye kona yenye giza. Aliona ndoo za maji zimepangwa ukutani, mbili mbili. Aliona mifagio ya kusugulia na vijana wawili wamesimama nayo. Na kimlango cha nyuma, ambacho siku zote kilikuwa na kufuli, kilikuwa wazi.

Akageuka taratibu. "Zile ndoo ni za nini?"

Kuhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na alijibu kama mtu anayeeleza bei ya maua. "Ni za baadaye, dada. Ukishamaliza utapita pale, halafu tutasafisha. Ni utaratibu tu."

"Wiki iliyopita mlimwingiza humu yule mwenye viwanda. Alitokea mlango gani?"

"Yule... yule alitoka mbele. Lakini yule hakuchonga."

"Na mlisafisha alipotoka?"

Kuhani akayatazama maua kwenye sinia kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

Bi Patasi akamgeukia kaka yake. "Ulijua."

"Dada, ni dakika moja. Unatoka, unazunguka, unarudi kwa mbele, ngoma zinapigwa, nani atajua?"

"Uliniapia kwa Baba."

"Ningekuambia ukweli ungekuja?" Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. "Nimehangaika na kamati hii miaka! Nimewapigia magoti! Hata hili la wewe kuingia mbele hawakulitaka. Nimekupatia nusu, chukua nusu! Baba alikufa akililia jicho hili."

"Baba alililia mlango!" Sauti yake ilijaa chumba kile mpaka miali ya taa ikacheza. "Jicho angeweza kulifungua siku yoyote, alikuwa na mikono! Walimwita mara ngapi aingie, atokee huko kwenye mfereji? Alikataa akiwa kijana, akakataa akiwa mzee, akaenda kaburini amekataa. Wewe unadhani alikuwa hawezi?"

Kuhani akaingilia kati. "Dada, watu wanangoja. Sheria hizi sikuziweka mimi."

"Najua hukuziweka wewe. Na aliyeziweka amekufa. Sasa niambie, nani ataziondoa? Mtamngoja marehemu?"

"Haya mambo huenda polepole."

"Polepole! Mawe haya yamekwisha kulika, baba yangu, na ninyi bado mko polepole!"

Nje ngoma zilikuwa zimepunguza mwendo, zikingoja ishara. Na hapa niseme ukweli, kwa sababu watu wakisimulia habari hii humfanya Bi Patasi awe chuma mwili mzima. Hakuwa chuma. Alimtazama tena Mama. Patasi ilikuwa mkononi, ncha yake ikiwa karibu na jiwe, na mkono ulikuwa ukimuuma kwa hamu kama jino. Nani angemlaumu? Jicho lingekuwa wazi milele, na milango ya nyuma husahaulika. Alijua kwamba hatapata siku nyingine. Alijua pia kwamba baada yake ukoo ule hauna mkono mwingine, na kwamba akiondoka sasa, huenda Mama atakaa hivyo mpaka jiwe lirudi kuwa mchanga. Alilijua lote hilo, na lilimchoma, na alilia waziwazi mbele ya wale vijana wa mifagio bila kuuficha uso.

Kisha akaifunga patasi kwenye kitambaa.

"Mama," akaiambia sanamu, "nisamehe, lakini hawa hawastahili kutazamwa na mawili."

"Dada!" kaka akanong'ona. "Mji mzima uko nje! Nitaweka wapi uso wangu?"

"Uweke kwenye hicho kioo, uuangalie vizuri."

Akaanza kutembea, si kuelekea kimlango kile, bali ukumbini, kule alikotokea. Mmoja wa wale vijana akaweka mguu mbele kumzuia, Bi Patasi akamwangalia, na mguu ukarudi wenyewe. Kuhani akainua mkono. "Ukipita huko, itabidi tusafishe hekalu zima!"

"Basi ongezeni ndoo!" akamjibu bila kugeuka. "Na mkimaliza sakafu sugueni na nguzo, maana tulizishika. Sugueni kuta, sugueni dari, sugueni huyo Mama mwenyewe kuanzia utosini mpaka kidole cha mguu, hakuna mahali mkono wetu haukupita. Mtakapomaliza kututoa humu ndani, mtabaki mmekaa juani!"

Ukumbini watu wa mbele walikuwa wamesikia. Mwenye viwanda alikuwa ameduwaa na sinia lake la matunda. Minong'ono ikaanza kuteremka ngazi kwa ngazi, na chini kabisa ikasikika sauti ya Shangazi ikiuliza kwa nguvu, "Nini? Hawakuuziba?"

Bi Patasi alifika kwenye mlango wa mbele, jua likampiga usoni. Mtu akapaza sauti: "Amelifungua?"

"Sijalifungua," akasema. "Waulizeni wenyewe kwa nini. Waulizeni habari za ndoo." Na safari hii hakusema kwa hasira. Alisema kama fundi anayemweleza mteja mahali ambapo jiwe limepasuka.

Ndipo akasikia nyuma yake, mle chumbani, sauti ya kaka yake. Haikuwa ile sauti ya mikutano. Ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeamka akajikuta kwenye nyumba asiyoijua.

"Mheshimiwa kuhani," kaka alikuwa akiuliza, kioo bado kimeshikwa kwa mikono miwili, "na mimi je? Mimi nitoke wapi?"

Kuhani alikuwa mtu mpole na hakutaka kumuumiza mtu. Lakini macho yake, kabla hajayazuia, yalikwenda kwenye kile kimlango cha nyuma, na mwenyekiti wa kamati akayaona yalikokwenda.

Watu wote wa ukumbini walikuwa wakimtazama yule bwana mnene wa suti ya kijivu akiwa amesimama katikati ya chumba alichokizibia paa, hajui aweke mguu upi mbele. Bi Patasi angeweza kuondoka. Alikuwa na kila haki ya kuondoka, na kwa kiapo kile alichodanganywa nacho alikuwa bado na hamu ya kumzaba kofi. Badala yake aliegemea mwimo wa mlango, akauziba kwa mwili wake ili mtu asije akaufunga, akamwita kwa sauti iliyofika hadi sokoni.

"We mtoto wa mama yangu! Unauliza nani njia? Njoo huku."